Chombo Kilijua

Boya lenyewe, lile la chini, upande upepo unakoelekea, ni la plastiki, limejazwa hewa, rangi ya machungwa, na likisimamishwa nchi kavu linanifika kifuani. Majini limefungwa kamba kwenye nanga, na kusi likivuma linainama na kuinuka kama mtu anayesinzia kwenye basi. Jumamosi ile ya Julai tulilijia na upepo wa nyuma, tanga la omoni limetuna, maji yanachemka ubavuni, na nyuma yetu, umbali wa boti mbili hivi, vijana wa boti ya pili wanatufukuza. Nahodha akasukuma kana, mpini wa usukani. Boti ikageuka kushoto kwa nguvu, ikalalia upande wa demani. Mimi nikavuta kamba ya tanga la mbele, nikaifunga, kisha nikajitupa nje upande wa joshi, upepo unakotoka, miguu ndani, kiwiliwili chote juu ya maji, ili uzito wangu uinyanyue boti. Ndiyo kazi yangu.

Hapo ndipo mgongo wangu ulipoligusa boya. Hatukuligonga. Lilinipapasa tu, likapita kutoka bega la kushoto hadi la kulia, na nikasikia mlio mdogo wa plastiki iliyolowa ikisuguana na jaketi okozi. Nusu sekunde. Halikuzama wala halikusogea mahali pake. Nilipogeuza shingo lilikuwa limeshabaki nyuma, linasinzia kama kawaida.

Hakuna aliyeona. Nahodha macho yake yalikuwa juu kwenye tanga. Wa tanga kubwa alikuwa amenipa mgongo, anavuta kamba kwa mikono miwili. Wa omoni alikuwa amepiga magoti, anakusanya lile tanga lililotuna na kulishindilia mfukoni mwake. Vijana wa nyuma walizibwa na tanga lao wenyewe. Neno lilinijia mdomoni, likakaa pale kama sekunde tano. Kisha nikalimeza.

Kwa asiyejua mchezo huu, nieleze kwa nini jambo dogo namna hiyo limenikosesha usingizi. Mashindano ya boti za tanga katika klabu kama yetu hayana refa majini. Kuna boti ya kamati iliyotia nanga. Inapiga honi ya kuanza, inaandika nani kamaliza wa ngapi, basi. Katikati, huko kwenye mawimbi, kati ya Msasani na kisiwa cha Bongoyo, kila boti inajihukumu yenyewe. Ukimziba mwenye haki ya njia, unatakiwa ujiadhibu kwa kuzunguka mara mbili. Ukiligusa boya, unazunguka mara moja: mduara kamili, omo ikikata upepo mara moja na tezi mara moja, huku wenzako wakikupita. Anayedhani umemkosea anapaza sauti na kupandisha bendera nyekundu, na jioni mnasikilizwa. Lakini kosa ambalo mwenzako hakuliona halina bendera. Linabaki kwako. Na kitabu cha kanuni, kile kinachotolewa na World Sailing na kupitiwa upya kila baada ya miaka 4, hakiulizi kama kugusa kumekufaidisha. Kugusa ni kugusa.

Nimekuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka 17. Maisha yangu ya kazi yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba binadamu akijua kuna atakayepitia vitabu vyake, ataandika vizuri zaidi. Sisemi watu ni wabaya. Nasema risiti husaidia. Nilipojiunga na klabu miaka 6 iliyopita, kilichonivuta si bahari peke yake, maana bahari nimeikuta kwetu. Babu yangu, baba wa mama, alikuwa nahodha wa jahazi Mafia, na maneno ya joshi, demani, foromali na farumi niliyasikia jikoni kabla sijajua kuandika jina langu. Kilichonivuta ni kuona watu wazima, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakizungusha boti zao katikati ya bahari bila ya mtu kuwaambia. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilidhani boti imeharibika usukani. Nilipoelezwa, nikasema moyoni, hapa nitakaa.

Sasa zamu ikawa yangu.

Tulimaliza wa kwanza. Vijana walituandama hadi mstari wa mwisho, na omo yao ilipokuwa inavuka sisi tulikuwa tumeshavuka sekunde kama nne kabla. Mzunguko mmoja wa adhabu, kwa upepo ule, ungetula sekunde 20 au zaidi. Hesabu hiyo niliifanya kabla tanga halijashushwa, na sikuweza kuifuta. Vijana wale wanne ni watoto wa wavuvi, wawili wao waliingia klabuni wakiwa wanasaidia kushusha boti kwenye mchanga, na upepo wa ghuba ile wanaujua kuliko wengi wetu tunaolipa ada. Walikuwa hawajawahi kushinda mbio hata moja. Mmoja wao alikuja kunipa mkono pale ufukweni, akaniambia, "Dada, leo mmetuweza." Nikamwambia ahsante. Neno hilo, ahsante, ndilo ninalolijutia zaidi kuliko kimya changu chote. Kimya kilikuwa kimenipata ghafla, lakini ahsante niliitoa kwa hiari.

Jumapili nilifua nguo zote za nyumbani, hata zilizokuwa safi. Jumatatu kazini nilikuwa na mafaili ya kampuni moja ya kuagiza vipuri, na mezani pangu palikuwa na karatasi niliyoandika mwenyewe ya kumtaka mhasibu wao aeleze tofauti ya shilingi 46,000. Shilingi 46,000 katika hesabu za mamilioni. Nilimwandikia hivyo kwa sababu ndivyo kanuni inavyodai, na kwa sababu najua tofauti ndogo mara nyingi ni ncha ya uzi. Niliitazama karatasi ile muda mrefu.

Jumanne jioni nikampigia nahodha. Ni mtu mzima, amestaafu, ananizidi miaka 25 na zaidi. Nilimpa shikamoo, akaitika, akauliza habari za mama, nikajibu. Kisha nikamweleza. Boya la chini, mgongo wangu, mlio wa plastiki. Hakunikatiza. Nilipomaliza pakawa kimya hata nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu," akasema, "ulijua pale pale?"

"Pale pale, Mzee."

"Basi chombo kilijua."

Hakusema jingine kuhusu hilo. Akaniambia kesho yake asubuhi ataiandikia kamati kwamba boti yetu inajitoa kwenye mbio zile, na kwamba atawaarifu wenzetu wawili. Kanuni inaruhusu, boti inayotambua kosa lake hata baada ya kumaliza inaweza kujitoa, na walio nyuma yake wanasogea mbele. Vijana wakawa wa kwanza.

Nimekaa na maneno yale mawili, chombo kilijua, tangu siku hiyo, na ndiyo ninayotaka kuyafikiria hapa kwa kituo. Maana mara ya kwanza kuyasikia sikuyaelewa. Nilidhani ni namna ya mzee ya kunilaumu kwa upole. Chombo kilijuaje, wakati nahodha wake hajui? Mwenye kujua nilikuwa mimi.

Aliyenilazimisha nifikiri ni mwenzetu wa omoni. Huyu ni rika langu, muungwana, anaswali swala zake, na katika boti hakuna mtu ninayemwamini zaidi upepo ukichafuka. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na hoja. Alinijia chini ya mkungu, pale tunapooshea matanga, akaniambia: "Dada, sikulaumu kwa kugusa. Kila mtu hugusa. Nakulaumu kwa kusema siku ya tatu. Lile lilikuwa kosa lako, kati yako na Mungu wako. Mungu amekusitiri, wewe unajifunua. Ungetubu kimya kimya. Badala yake umechukua toba yako ukatutwisha sisi watatu. Mimi sikugusa kitu. Nimefanya kazi yangu vizuri mwaka mzima. Kwa nini nilipe?"

Sikuweza kumjibu, na nisingependa msomaji amjibu haraka kwa niaba yangu. Anachokisema kina mizizi. Sisi tumefundishwa tangu utoto kwamba sitara ni neema. Mtu aliyeteleza usiku, Mola akamfunika, akiamka asubuhi na kuwatangazia watu, amelivua vazi alilovishwa. Mama zetu walituambia aibu ya ndani haianikwi kwenye kamba. Na kuna aina ya ungamo ambalo halina ukweli ndani yake hata kidogo: ni mtu tu anataka kulala vizuri, na yuko tayari kumkosesha mwingine usingizi ili alale yeye. Nilijiuliza kama mimi ndiye huyo. Kwa siku tatu nilikuwa nimebeba jiwe; nikalishusha, lakini nililishusha juu ya miguu ya wenzangu. Je, dhamiri yangu ina haki ya kuchukua kikombe cha mtu mwingine?

Nilimwendea ustadhi wa mtaani kwetu, mtu asiyejua tanga wala kana, nikamsimulia. Alisikiliza akiwa anamenya chungwa. Akanikumbusha yale ambayo wanazuoni wameyapanga zamani: kosa lililo kati ya mja na Mola wake, toba yake ni kuliacha, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na hapo sitara ina nafasi yake. Lakini kosa likiwa limebeba haki ya mja mwingine, sharti linaongezeka: haki irudi kwa mwenyewe. Mwizi hatubu huku kuku yuko bandani kwake. "Sasa huyo kuku wako," akaniuliza, "ni wa nani?" Nikasema ni wa vijana wa boti ya pili. "Basi umeshajijibu."

Nilijijibu nusu. Kuhusu vijana, ndiyo, sikuwa na shaka. Lakini mwenzangu wa omoni hakuuliza juu ya vijana. Aliuliza juu yake mwenyewe. Haki ya vijana ikirudi, inarudi kwa kumkata yeye ambaye hakuiba. Hapo ustadhi hakufika, na sidhani ilikuwa kazi yake kufika.

Aliyefika, bila kujua, ni babu. Nilikuwa na miaka 9 au 10 aliponisimulia, naye ameshaacha bahari, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Jahazi lake lilitoka Mafia na nazi za wafanyabiashara watatu kuja Dar es Salaam. Njiani bahari ikachafuka, maji yakaanza kuingia, chombo kikawa kinaenda mrama, na ikabidi watose shehena. Walitosa iliyokuwa karibu, iliyokuwa juu. Hawakuchagua, usiku ule nani angechagua? Kulipokucha ikaonekana kwamba karibu zote zilizotoswa zilikuwa za mtu mmoja. Nazi za wale wawili zilikuwa ngamani, kavu. Walipofika bandarini, yule mmoja hakuachwa alie peke yake. Waliketi, wakahesabu, na hasara ikagawanywa kwa wote watatu, na babu naye akatoa sehemu yake kwa niaba ya chombo. Nilimuuliza, Babu, wale wengine walikubali? Akashangaa swali langu. Akasema nazi zao zilifika kwa sababu za mwenzao hazikufika.

Miaka mingi baadaye, nikisomea kazi yangu, nilikutana na jambo lile lile katika somo la bima za baharini, nikaambiwa ni la kale kweli kweli: Warumi waliliandika katika mkusanyo wa sheria wa Justinian karne ya 6, na wao wakasema wamelipata kwa watu wa kisiwa cha Rhodes. Babu hakusoma Justinian. Alisoma mawimbi. Lakini kote huko watu walifikia mahali pamoja: mkishaingia chombo kimoja, hakuna tena hasara ya fulani. Ubao wa chini ya miguu yenu ni mmoja.

Na sisi Waislamu tunao ule mfano alioupiga Mtume wa watu waliopiga kura kwenye jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakichoka kupanda kuchota maji, wakawaza kutoboa sehemu yao wenyewe, ili wasiwasumbue wa juu. Mfano huu huwa tunauhubiri kwa ajili ya wa juu: wazuieni wenzenu, la sivyo mtazama wote. Mimi safari hii niliusoma kutokea chini. Kinachonigusa ni kwamba wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka wasisumbue. Walidhani kuna kitu kinaitwa sehemu yetu. Nami kwenye boti yetu nilidhani vivyo hivyo, kwamba nina kimya changu mwenyewe, kipande changu cha ubao, na nikitoboa hapo maji yataingia kwangu tu.

Hapa nimlete mtu wa mbali kidogo, kwa sababu kisa chake kimekuwa kikinijia kichwani. Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandaa mashindano ya kuizunguka dunia kwa tanga, mtu mmoja mmoja, bila kusimama. Donald Crowhurst, baba wa watoto wanne, mwenye biashara iliyokuwa ikielekea kuanguka, aliondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, katika boti ya viwiliwili vitatu ambayo haikuwa tayari. Alipoona haitahimili bahari za kusini, hakurudi wala hakuendelea. Alibaki kwenye Atlantiki, akituma kwa redio taarifa za uongo za safari aliyokuwa haifanyi. Kwenye meza yake alikuwa na hesabu za mahali alipo kweli, na hesabu za mahali alipodai yupo. Sisi wakaguzi tunaijua picha hiyo. Tunaiita vitabu viwili. Boti yake ilikutwa tarehe 10 Julai 1969 inaelea bila mtu, maandishi yake yamo ndani.

Watu wengi husimulia kisa cha Crowhurst kama kisa cha mpweke. Mimi huwa namtazama Nigel Tetley. Huyu alikuwa ameshaizunguka dunia kweli, amebakiza kipande cha kurudi nyumbani, boti yake imechoka. Akasikia redioni kwamba Crowhurst yuko nyuma yake na anakuja kwa kasi. Akaongeza tanga, akaisukuma boti ile iliyochoka, na mwezi Mei 1969, karibu na visiwa vya Azores, ikavunjika, ikazama. Yeye akaokolewa. Alikuwa anamkimbia mtu ambaye hakuwepo. Crowhurst alikuwa peke yake chomboni, maelfu ya maili kutoka kwao, na bado uongo wake ulitoboa ubao wa chombo cha mwingine. Robin Knox-Johnston, aliyemaliza peke yake kati ya wote, alitoa zawadi yake ya fedha, pauni 5,000, akaipeleka kwa mjane na watoto wa Crowhurst. Nalo hilo nalihesabu kuwa ni kugawana shehena.

Lakini niliahidi kurudi kwenye maneno ya nahodha.

Wiki mbili baada ya simu ile nilikichukua kitabu cha kanuni, nikitafuta kama kugusa kwa mwili ni sawa na kugusa kwa boti. Nilikuwa bado natafuta mlango, nakiri. Labda kanuni inasema boti isiguse, na mimi si boti, mimi ni mtu. Mlango haukuwepo. Mwanzoni kabisa mwa kitabu, pale yanapofafanuliwa maneno yatakayotumika, boti inaelezwa kuwa ni chombo cha tanga pamoja na mabaharia waliomo. Pamoja na waliomo. Nilisoma mara nyingi mstari huo wa sheria, mkavu, ulioandikwa na wanasheria bila nia ya kumfariji wala kumtisha mtu, na hapo ndipo nilipomwelewa mzee.

Mgongo wangu ulipogusa, iliyogusa ni boti. Hilo ni rahisi. Lakini kama mgongo wangu ni wa boti, basi na hisia ya mgongo ni ya boti. Kujua kwangu kulikuwa kujua kwake. Boti yetu ilikuwa na macho manane siku ile na migongo minne, na mmoja wa migongo hiyo ulipata habari. Habari ile haikuwa mali yangu ya kufikiria nimpe nani na nimnyime nani. Ilishafika chomboni. Mimi niliizuia njiani, kati ya mgongo na usukani, kama mtu anayeona maji yanaingia ngamani akakaa juu yake.

Na kwa hiyo mwenzangu wa omoni, ndugu yangu mpendwa, alikuwa amekosea katika jambo moja tu. Alidhani nimechukua kosa langu nikamtwisha. Kosa lilishakuwa lake tangu nusu sekunde ile, sawasawa na ushindi ulivyokuwa wangu hata pale yeye alipofanya kazi nzito na mimi nikakaa tu kama farumi. Yeye akikunja tanga vizuri, mimi nashinda. Sijawahi kumuuliza kwa nini nipate kikombe kwa kazi ya mikono yake. Tunachukua pamoja bila kuulizana. Nilichomtwisha mimi kilikuwa kingine, na hicho nakikubali bila kujitetea: nilimtwisha siku tatu. Nilimwacha Jumamosi ashangilie, Jumapili awasimulie watoto wake, Jumatatu aamke mshindi. Ningesema pale pale, tungezunguka, tungepoteza sekunde 20, na vijana wangeshinda machoni petu wote, nasi tungewapa mkono. Angechukia dakika kumi. Sitara aliyoitaka mwenzangu ilikuwepo kweli, tena ilikuwa karibu sana, katika mzunguko ule mmoja: boti ikizunguka majini hakuna anayeuliza ni mgongo wa nani, ni boti imezunguka. Mduara unamfunika aliyegusa. Kwa kunyamaza kwangu nikaiondoa sitara hiyo, mpaka ikabidi jina langu litajwe.

Hilo sikulijua mapema. Nilikuwa nikidhani sitara na ukweli vinavutana, na kwamba mtu lazima achague upande. Majini nimeona vinakaa boti moja, muda ukiwa bado mbichi. Kinachovitenganisha ni kuchelewa.

Nilimwambia mwenzangu haya, si kwa maneno mengi hivi. Nilimwomba radhi ya zile siku tatu. Alitikisa kichwa, akaendelea kuosha tanga. Hatukugombana, ila kwa wiki nyingi mazungumzo yetu yalikuwa ya kazi tu: vuta, legeza, bisha. Vijana walipewa kikombe chao Ijumaa moja jioni, na yule aliyenipa mkono ufukweni alipita karibu nami akaweka kiganja kifuani, kama tunavyosalimiana kwa heshima. Hakusema kitu. Sikujua la kumjibu, nami nikaweka changu.

Nahodha hakurudia tena habari ile. Alichofanya ni kuanzisha jambo dogo. Tangu Julai, kila tukilizunguka boya, kabla hajaangalia upepo wala wapinzani, anauliza kwa sauti, "Safi?" Na sisi tunajibu mmoja mmoja kutoka tezi kwenda omo. Wa tanga kubwa: safi. Mimi: safi. Wa omoni: safi. Inachukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Boti nyingine wameshatuzoea.

Jumamosi iliyopita kusi lilikuwa linaelekea kuisha, limekuwa la vipindi, mara linavuta mara linalala. Kwenye boya la chini tuliingia tumebanana na boti mbili, kelele kila upande, watu wanaitana kudai njia. Tulitoka wa kwanza. Tanga la omoni lilikuwa limeburuta majini na mwenzangu alikuwa amelala kifudifudi akilivuta, mguu mmoja umening'inia nje.

"Safi?"

Wa tanga kubwa akajibu. Nikajibu. Kule mbele kukawa kimya. Niliona mgongo wake, jaketi limelowa, mikono imesimama katikati ya kuvuta. Boti ya vijana ilikuwa inatujia kwa nyuma.

"Mguu," akasema, bila kugeuka.

Nahodha hakuuliza mara ya pili. Alisukuma kana mpaka mwisho, nami nikaifungua kamba ya tanga la mbele, na tukaanza kuzunguka.